Mchungaji Kati ya Kabila na Rangi: Makanisa ya Usambara

Kanisa la kabila ni lile ambalo waumini wake karibu wote ni wa jamii moja, husali na kuimba kwa lugha ya nyumbani, na hufahamiana kwa ukoo kabla ya kufahamiana kwa ubatizo. Makanisa ya namna hiyo yapo kila mahali: Wahaya wa Bukoba, Wakikuyu wa Kenya ya kati, Wakorea wa Los Angeles, Wakongo wanaokodi ukumbi Jumapili mchana katika miji ya Ulaya. Siku za kawaida kazi ya mchungaji wao haitofautiani sana na ya mwingine yeyote: anabatiza, anafungisha ndoa, anazika, anasuluhisha. Mambo hubadilika pale rangi ya mtu inapoanza kuamua nani atalima wapi, nani atamtumikia nani, na nani atasikilizwa mbele ya serikali. Waumini wake wakishadhulumiwa au kutishwa kwa sababu ya rangi yao, mchungaji huulizwa swali ambalo chuo cha teolojia hakikumwandalia jibu: wewe ni wetu, au ni wa wote?

Milima ya Usambara, mkoani Tanga, ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hilo, kwa sababu huko limeulizwa kwa zaidi ya miaka 100 na limejibiwa kwa njia mbalimbali. Gare, si mbali na mji wa Lushoto, ni misheni kongwe ya Kikatoliki katika nchi ya Washambaa. Mlalo, Mtae, Vuga na Bumbuli ni vituo vya kale vya Walutheri. Pande zote mbili mbegu ilipandwa na watu weupe katika nchi iliyotawaliwa na watu weupe, ikakua kuwa kanisa la Washambaa, na baadaye likalazimika kujifunza kuwa zaidi ya kanisa la Washambaa.

Mwanzo wake haukuwa safi, na hakuna faida kuuficha. Chama cha misheni cha Kiinjili kilichokuja kufanya kazi Usambara kilianzishwa Berlin mwaka 1886, na miongoni mwa waliokihamasisha alikuwamo Carl Peters, yule yule aliyezunguka na karatasi za mikataba akiwatia watawala wa bara chini ya Ujerumani. Chama hicho kilibadilika pale Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel, mchungaji aliyejulikana kwa kuwatunza wenye kifafa na wagonjwa wa akili, alipokipa watu na moyo mwingine. Vijana wawili kutoka mkondo huo, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walifika Mlalo mwaka 1891. Mtae ilifuata 1893, Vuga 1895, Lutindi 1896, Bumbuli 1899. Mwishoni mwa muongo huo huo wamonaki Watrapisti kutoka Mariannhill, Natal, walifika Gare wakaanza kujenga na kulima. Baadaye misheni ikapita mikononi mwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, na kuanzia 1945 Warosmini wakaingia katika eneo la Tanga.

Tarehe hizo zinahitaji kusomwa pamoja na nyingine. Mwaka 1895, mwaka ule ule kituo cha Vuga kilipofunguliwa, Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Kikilindi wa Vuga. Vuga ilikuwa kiini cha ufalme wa Usambara, makao ya ukoo wa Kilindi, uliojihesabu tangu mwanzilishi wake Mbegha na uliofikia kilele chini ya mfalme Kimweri ye Nyumbai. Mwaka huo huo serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola, na machoni pa ofisa wa Kijerumani shamba lililopumzishwa lilikuwa halina mwenyewe. Ikafuata kodi ya kibanda. Katika wilaya ya Wilhelmstal, jina ambalo Lushoto ilipewa kwa heshima ya mfalme wa Ujerumani, ukawekwa utaratibu wa kadi ya kazi: kila mwanamume alitakiwa kutimiza siku 30 za kazi kwa mlowezi katika kila miezi minne, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Mshambaa aliyemwona mmisionari akishuka kwenye punda wake hakuwa na sababu ya kumtenga na mlowezi wa kahawa wa ng'ambo ya bonde. Rangi yao ilikuwa moja, lugha yao moja, na mara nyingi meza yao ilikuwa moja.

Hata hivyo watu waliingia kanisani. Waliotangulia mara nyingi walikuwa wale ambao ufalme na ukoo havikuwapa nafasi: watu waliotoroka utumwa, vijana wasio na urithi, wanawake waliokimbia ndoa. Lutindi ilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Wengine walivutwa na shule. Na kilichowafanya wabaki, pengine kuliko kitu kingine, ni kwamba waliambiwa habari za Mungu kwa Kishambaa. Wamisionari walijifunza lugha hiyo kwa bidii. Karl Roehl, ambaye baadaye tafsiri yake ya Biblia kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1937, aliandika kwanza sarufi ya Kishambaa. Mtu aliyeona mfalme wake akinyongwa na nchi yake ikipewa jina la mfalme wa wengine aliikuta lugha ya mama yake imeandikwa kitabuni, inasomwa kwa sauti mbele ya watu, na mzungu mwenyewe anahangaika kuitamka sawasawa. Hapo ndipo kanisa la kabila lilipopata nguvu yake. Lilimpa mtu aliyedharauliwa mahali ambapo hakudharauliwa.

Wapo wamisionari waliolifanya jambo hilo kuwa fundisho kamili. Bruno Gutmann, Mlutheri wa misheni ya Leipzig aliyefanya kazi Uchagani kwa miongo kadhaa, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyovifunga Mungu mwenyewe, na kwamba kanisa halina budi kujengwa juu yake. Aliipenda jamii aliyoitumikia, na Wachagga wengi walimpenda. Lakini wakati yeye akiandika hayo, kwao Ujerumani maneno ya damu na ardhi yalikuwa yanageuzwa kuwa silaha dhidi ya Wayahudi, na nchini Tanganyika chama cha Nazi kilikuwa kimefungua matawi miongoni mwa walowezi. Fundisho la kwamba kila taifa lina kanisa lake laweza kumtunza mnyonge, na laweza vile vile kumfungia mlango mgeni. Inategemea nani ana nguvu siku hiyo. Mchungaji wa kanisa la kabila asiyelijua hilo anacheza na moto.

Washambaa wenyewe walikuwa na kipimo chao cha kiongozi, cha kale kuliko misheni. Mtawala mwema ndiye aliyeponya nchi, kwa Kishambaa kuzifya shi: mvua inanyesha kwa wakati wake, chakula kinatosha, watoto wanazaliwa, watu hawauani. Mtawala mbaya, au watawala wawili wanaoshindana, huiharibu nchi, kubana shi: njaa inaingia, na wanyonge wanachukuliwa. Kipimo hicho kilihamia kwa padre na mchungaji bila mtu kukitangaza. Yeyote aliyesimama mbele ya watu na kusema habari za Mungu alitazamwa pia kwa hali ya mashamba yao. Kwa hiyo mahubiri ya upendo wa ndugu yasiyogusa ardhi, kodi na kazi ya kulazimishwa yalisikika Usambara kama maneno ya mtu asiyejua kazi yake. Huu ndio msingi wa yote yaliyofuata, na wachungaji walioshindwa walishindwia hapo.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuja na vita. Waingereza waliikalia Usambara mwaka 1916, na kufikia 1920 wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa nchini. Hadi waliporuhusiwa kurudi katikati ya muongo huo, sharika za Kilutheri za milimani ziliendeshwa na walimu, wazee na wachungaji wa Kishambaa. Vitabu vya ubatizo vilikuwa mikononi mwao, funguo za majengo vilevile. Waliwaonya waumini waliorudia matambiko, walifundisha watoto kusoma, walipokea sadaka ya mahindi na maharage, na walitakiwa kumweleza ofisa Mwingereza kwamba kusali kwa nyimbo za Wajerumani si kuwa upande wa Ujerumani. Vita hiyo ilikuwa ya wazungu kwa wazungu, lakini waliobeba mizigo yake na kuporwa maghala yao walikuwa Waafrika. Wale waliokuwa wakiambiwa kwamba hawajakomaa waliendesha kanisa kwa miaka kadhaa, nalo halikufa. Baada ya hapo, hoja kwamba Mwafrika hawezi kuongoza ilibaki bila mguu wa kusimamia, ingawa ilichukua muda mrefu kwa wengi kuikubali.

Upande wa Wakatoliki, somo kama hilo lilitoka Roma. Mwaka 1919 Papa Benedikto wa Kumi na Tano alitoa waraka wa Maximum Illud, akiwakemea wamisionari wanaotanguliza maslahi ya mataifa yao na kuagiza mapadre wazalendo waandaliwe kuongoza watu wao, wasiwe wasaidizi wa kudumu. Waraka mmoja haukuondoa tabia za vituoni. Lakini ulimpa mseminari wa Kiafrika kitu cha kushika mkononi pale alipoonyeshwa mlango wa nyuma.

Vita ya pili ilirudia hadithi. Wamisionari Wajerumani walikamatwa tena, na Walutheri wa Marekani wa Kanisa la Augustana wakaombwa kuziangalia misheni zilizoachwa yatima kote Tanganyika. Safari hii viongozi wa Kiafrika hawakuwa wapya.

Kisha ikaja habari ya matuta, ambayo ndiyo inayofundisha zaidi. Baada ya vita serikali ya Kiingereza iliona kwamba miteremko ya Usambara inamomonyoka. Watu walikuwa wameongezeka, na sehemu ya ardhi nzuri ilikuwa imekwenda kwa mashamba makubwa na misitu ya serikali. Mwaka 1946 mpango ulianza katika bonde la Mlalo, na kuanzia 1950 ukasambazwa Usambara yote. Kila kaya iliamriwa kuchimba matuta ya kukinga mteremko katika sehemu ya shamba lake, na asiyechimba alitozwa faini au kufungwa. Kwenye ofisi ya bwana shamba mpango ulionekana wa maana. Kwenye mteremko ulikuwa jambo jingine. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anashika jembe la mkono, anasimama mguu mmoja juu na mwingine chini, anavuta udongo mweusi wa juu na kuufukia chini ya tuta, na udongo mwekundu usiozaa ndio unaobaki juu. Akimaliza mstari mmoja, mvua kubwa ya masika inaubomoa. Anaanza upya, na muda huo ndio aliotakiwa kupalilia maharage. Juu ya mateso hayo ulienea wasiwasi ambao hakuna tangazo la serikali lililoweza kuuondoa: kwamba wazungu wanawachimbisha watu matuta ili nchi ikishapendeza waichukue wao.

Wasiwasi huo haukuwa upuuzi. Mwaka 1951 serikali hiyo hiyo iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili mashamba yapewe walowezi wa Kizungu. Jamii ya Wameru ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Kilutheri, na mtu waliyemtuma Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kupeleka malalamiko yao, Kirilo Japhet, alitoka ndani ya kanisa hilo. Kesi haikurudisha ardhi wakati ule. Ila ilionyesha kwamba kanisa la kabila laweza kuwa mahali ambapo watu wanajifunza kuandika barua, kuchanga nauli na kumchagua msemaji, na kwamba kufanya hivyo si kuacha imani.

Mchungaji wa Usambara katika miaka ya matuta alikuwa katika hali ngumu. Akiwaambia waumini watii serikali kwa sababu Paulo aliwaandikia Warumi hivyo, wanawake waliorudi na malengelenge walimsikia kama karani wa bwana shamba. Akiwaambia waache majembe, alifungiwa shule na misaada, kwa kuwa shule za misheni ziliendeshwa kwa ruzuku ya serikali. Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba: kusema ukweli kuhusu mmomonyoko, ambao kweli ulikuwapo, na kusema ukweli kuhusu dhuluma, ambayo nayo ilikuwapo, bila kutumia mmoja kuufunika mwingine. Njia hiyo haitoi makofi upande wowote. Upinzani ulizidi, chama cha TANU kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 kikapata masikio tayari milimani, na kabla muongo haujaisha mpango wa kulazimisha matuta ulikuwa umeporomoka. Wengi walioweza kusoma barua za chama na kuandika majibu walikuwa wamesomea shule za misheni, Wakristo na Waislamu pia.

Upande wa pili wa mpaka, kanisa la kabila jingine lilikuwa linapita kwenye moto mkali zaidi. Kenya ilitangaziwa hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Wakristo wa Kikuyu walitakiwa na wapiganaji wa Mau Mau wale kiapo, na serikali ikawataka wachukue bunduki za walinzi wa vijiji. Wafuasi wengi wa uamsho wa Afrika Mashariki walikataa vyote viwili, na baadhi waliuawa kwa kukataa huko. Mmoja wa viongozi wa uamsho huo, Obadiah Kariuki, aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Kianglikana mwaka 1955, vita ikiwa bado inaendelea. Huyo alikuwa Mkikuyu akiwachunga Wakikuyu waliogawanyika hadi ndani ya nyumba moja, na msimamo wa kukataa silaha za pande zote haukumpa kinga kwa yeyote. Kuna watu waliouita woga. Ukitazama nani alikuwa tayari kufa kwa ajili yake, shutuma hiyo haisimami.

Tanganyika ilipita kwa upole zaidi, na sifa kwa hilo hazistahili kupewa bahati peke yake. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulifanyika kwa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kana kwamba nchi ni mafungu matatu ya watu. TANU iliamua Tabora kushiriki utaratibu huo mbaya ili iuvunje kutoka ndani. Mwaka 1961, katika mjadala wa uraia, Nyerere aliwatishia wabunge kwamba serikali yake itajiuzulu kama uraia utafungwa kwenye rangi. Yeye alikuwa Mkatoliki wa kabila dogo la Wazanaki, na hoja zake zilikuwa rahisi kusikika kanisani: aliyeteswa kwa sababu ya ngozi yake hapati haki ya kumtesa mwingine kwa sababu ya ngozi yake.

Makanisa nayo yalibadilika katika miaka hiyo hiyo. Hadi wakati huo Walutheri wa milimani walikuwa wanaitwa Kanisa la Usambara-Digo, jina linalotaja nchi ya watu fulani na kabila fulani la pwani. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya namna hiyo yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kama linavyojulikana leo, na Usambara ikawa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, makao yake Lushoto. Mwaka huo huo serikali ilifuta uchifu. Mshambaa aliona mambo mawili yakiondoka kwa pamoja, kiti cha Vuga na jina la kanisa lake, na si kila mzee alifurahi. Kwa Wakatoliki, jimbo la Tanga, lililopata hadhi ya dayosisi mwaka 1958 chini ya Askofu Eugene Arthurs kutoka Ireland, lilikuwa mapema katika miaka ya 1970 tayari chini ya Mwafrika, Maurus Komba. Huyu hakuwa Mshambaa wala Mzigua wala Mbondei. Kwa waumini wa Gare maana yake ilikuwa wazi: uongozi umetoka kwa wazungu, lakini haukurudi kwenye ukoo.

Sebastian Kolowa, askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, aliongoza KKKT yote kuanzia 1976 hadi 1992. Mwanzoni mwa uongozi wake, Juni 1977, Shirikisho la Walutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake wa kwanza Mwafrika, na likatamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini hauwezi kuhesabiwa kuwa tofauti ya maoni ya kisiasa: ni suala la imani yenyewe, na kanisa linaloukubali limejitenga na ungamo lake. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa sababu hiyo. Wale waliokuwa wanahubiriwa na wazungu mwaka 1891 walikuwa wenyeji wa mkutano wa Dar es Salaam ulioweka kipimo cha nani miongoni mwa wazungu anayebaki ndani ya kanisa. Na Natal, nchi waliyotoka wamonaki wa Gare, ilikuwa chini ya sheria zile zile zilizolaaniwa Dar es Salaam. Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi huo aliyekufa mikononi mwa polisi Septemba 1977, alikuwa amesoma shule ya Mariannhill.

Hatari ya rangi ilipopungua, hatari ya kabila haikupungua kwa kiasi hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligombania dayosisi yao hadi mali zikaharibiwa na jirani wakaacha kusalimiana, na wote walikuwa weusi, wote Walutheri, wengi wao ndugu. Aprili 1994 maaskofu Wakatoliki wa Afrika walikutana Roma kujadili Kanisa kama Familia ya Mungu, na siku hizo hizo Wakristo wa Rwanda walikuwa wanauana, wengine ndani ya makanisa. Askofu Albert Obiefuna wa Nigeria alisema pale mbele ya wenzake kwamba panapofika pagumu, damu ya ukoo huonekana nzito kuliko hata maji ya ubatizo. Miaka miwili kabla yake, mwishoni mwa Aprili 1992, Los Angeles iliwaka baada ya polisi waliompiga Mmarekani mweusi Rodney King kuachiwa huru. Biashara zaidi ya 2,000 za Wakorea ziliharibiwa, na wachungaji wa Kikorea walijikuta wakiwafariji watu waliopoteza kila kitu, huku wakitakiwa kuwaeleza hasira ya Wamarekani weusi ilikotoka. Mtu anaweza kudhulumiwa kwa rangi yake na bado akawa na deni kwa jirani wa rangi nyingine. Kulisema hilo kwa watu waliotoka kuzima moto dukani kunataka ujasiri kuliko kulihubiri siku ya amani.

Kutokana na historia hii, kazi yenyewe inaweza kuelezwa kwa vitendo. Lugha huja kwanza. Kishambaa hakipaswi kufukuzwa kanisani; bibi wa Gare anayetubu hutubu kwa lugha anayoota nayo. Lakini ibada ikiwa ya Kishambaa mwanzo hadi mwisho, Mpare aliyeolewa pale, Mmbugu wa juu ya Magamba, mwalimu kutoka Mbeya na nesi kutoka Mwanza wanakaa kama wapita njia. Sharika nyingi zimekaa kwenye Kiswahili kwa masomo, sala na mahubiri, na kuacha Kishambaa kitawale katika pambio, katika salamu za mlangoni na kando ya kitanda cha mgonjwa. Mpangilio huo unahitaji kulindwa zaidi siku za mvutano, kwa sababu hapo ndipo watu hurudi kwenye lugha ya ndani ili wengine wasielewe.

Jambo la pili ni jinsi watu wanavyogawanywa. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliifanya Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Jumuiya hupangwa kwa nyumba zinazopakana. Familia kumi au kumi na tano zinakutana kwa zamu, zinasoma Injili ya Jumapili, zinachangia msiba, zinamwangalia mgonjwa. Anayeishi hapo ni wa hapo, awe wa ukoo gani. Walutheri wana nyumba kwa nyumba katika mitaa ya usharika. Utaratibu huu unaonekana mdogo, lakini ndio unaoamua kama fununu ya jioni itazaa ugomvi au itaulizwa kwa mhusika mwenyewe kabla ya kulala.

Msibani ndipo kanisa la kabila linapoonekana lilivyo. Katika Lushoto, ambako Waislamu ndio wengi, ukoo mmoja wa Kishambaa huwa na wa msikitini na wa kanisani, na kaburi huchimbwa kwa pamoja. Watani kutoka makabila jirani huja kusema yale ambayo wenye msiba hawathubutu. Mchungaji mwenye busara anawapa nafasi hiyo kabla ya mahubiri yake, kwa kuwa mtani aliyemwambia mfiwa ukweli mbele ya watu na bado akabeba jeneza ameshafanya nusu ya kazi ya upatanisho.

Kisha kuna ardhi, na hapa makanisa yenyewe hayana budi kujibu. Misheni za milimani zilipata mashamba wakati ambapo wenyeji hawakuwa na sauti ya kukataa. Sehemu kubwa ilitumika kwa shule, zahanati, hospitali na viwanja vya watu wote, na hilo ni la kuhesabiwa. Lakini vijana wasio na shamba wanaotazama mteremko wa misheni wana swali halali, na halijibiwi kwa kuonyesha hati peke yake. Paroko au mkuu wa jimbo anayelipeleka swali hilo kwenye mkutano wa kijiji, akaeleza nini kinatumika, nini kinaweza kukodishwa kwa bei nafuu na nini kinaweza kurudi, anafanya kile ambacho Washambaa walikitarajia kwa viongozi wao kabla ya misheni kufika.

Mwisho ni mchungaji mwenyewe. Yeye ni mtoto wa kabila lile lile: alibebwa mgongoni na mama aliyechimba matuta, au ni mjukuu wa aliyeshika kadi ya kazi, na hasira za watu wake ni zake pia. Huko ughaibuni ni yeye aliyesimamishwa na polisi Jumamosi na anayetakiwa kuhubiri Jumapili. Dayosisi na majimbo yanayolijua hilo huwahamisha watumishi wao nje ya nchi ya kabila lao kwa miaka kadhaa, huwakutanisha wachungaji wa makabila na madhehebu mbalimbali mara kwa mara wakati wa amani, na hutaka kila mmoja awe na mwenzake wa jamii nyingine anayeweza kumpigia simu usiku, akamweleza yale asiyoweza kuyasema madhabahuni, na akasikiliza jibu ambalo mtu wa kwao asingempa.